Jicho Halilali: shajara ya mradi wa kanda 137

12 Januari

Nimehesabu mara mbili, zimetimia kanda 137. Nne hazina makasha, moja imepinda pembeni kana kwamba iliwahi kukaa karibu na jiko. Zote ni za maktaba ya video iliyokuwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, enzi zile unaazima picha kwa kuacha kitambulisho. Mwenye maktaba alipofariki, mkewe alizipeleka kwao Tukuyu, zikakaa stoo nyuma ya magunia ya maharage miaka na miaka. Nilikwenda nikidhani nitachagua kama thelathini hivi. Mama akanikata kauli: "Baba, ukizibeba zote nipe elfu hamsini. Ukianza kuchagua, sikuuzii hata moja." Nimezibeba zote kwa Noah, na abiria wawili wamenisonya hadi Uyole.

Ninachotafuta ni picha za taharuki za zamani, hasa zile ambazo hazikupata jina. Za karate, za kivita na za mapenzi ya Kihindi zina wapenzi wengi, hazitapotea. Ugonjwa wangu ni picha za mtu wa kawaida aliyebanwa kona: karani aliyechomoa hela kidogo ya ofisi, dereva aliyempakia abiria asiyemjua, mhasibu aliyetiliwa sumu. Zilipigwa haraka na kwa hela ya kuungaunga, nyingi ni fupi mno, kwa hiyo hazina muda wa porojo. Ukienda kujaza maji kwenye birika ukarudi, mtu keshakufa.

Sheria nilizojiwekea: moja, picha za taharuki tu ndizo zitakazohamishiwa kwenye kompyuta. Mbili, nakala safi tu. Kanda yenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake naiweka pembeni, nitaivua ganda na skrubu niokolee zile zilizovunjika.

19 Januari

Kanda 52 zina kuvu. Ukizielekeza kwenye mwanga ukachungulia kidirishani unaona unga mweupe kwenye kingo za mkanda, kama sukari iliyomwagikia sahani ya santuri. Mvua ya Tukuyu haina mchezo.

Kanda ya namna hii hairuhusiwi kugusa deki nzima. Ngoma ya deki, yaani ile silinda yenye hedi za kusomea mkanda, kwenye mfumo wetu wa video wa PAL inazunguka mara 1,500 kwa dakika, kwa hiyo unachokiingiza mle kinarushwa kila pembe, na kanda inayofuata inaondoka na ugonjwa. Kwanza zikauke. Nimechukua boksi la plastiki lenye mfuniko nikajaza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Nimezunguka kwa wauza viatu Mwanjelwa nikiviomba. Mmoja ameniuliza kama nachanganyia dawa za kienyeji. Sikumjibu, na tangu siku hiyo nikipita ananisalimia kwa adabu kubwa.

Zikikauka ndipo zioshwe: unauzungusha mkanda wote taratibu huku ukipita katikati ya kitambaa laini kisichotoa nyuzi, nje ya nyumba, ukiwa na barakoa. Inatakiwa deki ya kazi hiyo peke yake. Sina.

2 Februari

Sasa ninayo. Nilikuwa nasafisha hedi za deki yangu nyeusi kwa kijiti cha pamba, nikapandisha juu na kushusha chini kama ninayesugua meno. Hedi za video ni vipande vidogo mno, vinachomoza kidogo tu kwenye ukingo wa ngoma. Pamba ikanasa, hedi ikakatika. Mimi ni fundi wa redio na televisheni kwa miaka ishirini na sita, na kosa hilo ningemchapia mwanafunzi wangu.

Njia sahihi, niandike hapa nisije nikajisahau: kitambaa cha ngozi laini kilichotiwa alkoholi ya aisopropili unakishikilia kimetulia, bila kukisogeza, na ngoma ndiyo inayozungushwa kwa kidole. Hakuna juu, hakuna chini.

Deki nyeusi imeshushwa cheo. Itaitwa deki ya kufulia.

16 Februari

Kile kifaa cha kunasia video nilichoagiza kimefika, kizuri kwa macho, kina waya wa njano, mwekundu na mweupe. Kosa lake ni kwamba kinadondosha vipande vya sauti bila kusema, sauti inazidi kuitangulia picha. Baada ya saa nzima, mlio wa risasi unasikika kabla bastola haijatoka mfukoni. Nimemwonyesha mpwa wangu, akacheka mpaka akakaa chini: "Mjomba, hii ndiyo taharuki ya kweli, tunajua kila kitu mapema." Kimerudi dukani kilikotoka. Hela haijarudi.

1 Machi

Iringa, kwenda na kurudi siku moja. Kuna mzee pale Iringa mjini aliyekuwa akipiga video za harusi, ameacha kazi macho yalipochoka. Basi limesimama Makambako tukala mahindi ya kuchoma, na Mafinga baridi ikaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mzee amenifungulia kabati: deki ya kuhariria, hi-fi, inakubali PAL na NTSC ya Wamarekani, na ina kitufe cha kupachika sauti. Imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama mkate wa Ekaristi. Ametaja bei, nimeomba apunguze, amesema deki hii imeoza harusi mia nne na haijawahi kukwama hata siku ya keki. Sikubishana zaidi.

Kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS duniani, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Ngoma ya deki hii ikichakaa, spea yake itatoka kwenye maiti ya deki nyingine tu.

Kwa hiyo sasa ni tatu: ya kufulia, ya kuonjea (kajideki ka kijivu ka mono, kila kanda inapita huko kwanza nijue kuna nini), na ya Iringa, isiyoguswa na mtu ila mimi.

9 Machi

Aibu ya wiki. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kanda namba 17: "nyeusi na nyeupe, picha inaruka, huenda ni ya miaka ya 1950." Leo nimeitia kwenye deki ya Iringa, ikatoka na rangi zote, na yule mtu niliyemwona akiruka-ruka kwenye ukungu alikuwa Sidney Poitier.

Kanda ni ya NTSC, mfumo wa Marekani. Televisheni yangu ya kuonjea inajua PAL peke yake, kwa hiyo inaichapa bila rangi na kuizungusha kama mashine ya kufulia. Nikadhani ni uzee wa picha, kumbe ni lugha tu. Picha yenyewe ni The Wilby Conspiracy ya 1975, Poitier na Michael Caine wanakimbizwa na afisa usalama wa makaburu kutoka Cape Town kwenda Johannesburg. Siku hizi haitajwi sana, wakati ina kitu ambacho picha nyingi za mbio hazina: anayewakimbiza, Nicol Williamson, anawaacha watoroke makusudi ili wamfikishe kwa anayemtaka. Unawaona wanashangilia kuponyoka, wewe huwezi kushangilia nao. Na ile Afrika Kusini ya kwenye picha ilipigwa Kenya.

Nimefuta "1950". Kanda zingine sita nilizoziandika "nyeusi na nyeupe" inabidi zirudi foleni.

22 Machi

Nimemaliza D.O.A. ya 1950, nakala safi kuliko nilivyotegemea. Mwanzo wake sijauona mahali pengine: mtu anatembea kwenye korido ndefu ya polisi, kamera nyuma ya mgongo wake, anafika kwa mkubwa na kusema amekuja kuripoti mauaji. Nani ameuawa? Mimi. Amenyweshwa sumu, dawa hakuna, na muda uliobaki anautumia kumsaka aliyemuua. Nakumbuka ilivyoonyeshwa kwenye kibanda umiza nikiwa kijana. Kufika mwisho watu walidai hela zao, kwa sababu kila mtu anajua steringi hafi.

Swali lililokuwa likinisumbua: picha ya 1950, ya Kimarekani, isiyo na rangi, ilifikaje Mwanjelwa wakati picha mpya tulikuwa tunazisubiri miaka? Jibu liko kwenye sheria yao. Enzi hizo huko Marekani haki ya picha ilidumu miaka 28, kisha mwenyewe alipaswa kuandikisha upya. Asipoandikisha, inakuwa mali ya kila mtu. Makampuni madogo yaliyotengeneza picha hizi yalikufa, yaliuzwa, yalisahau. Sasa piga hesabu. Picha ya 1950 inaisha muda wake mwishoni mwa miaka ya 1970. Ya 1953, mwaka 1981. VHS nayo ilitoka Japani 1976. Wakati deki zinaingia majumbani, kulikuwa na rundo la picha zisizo na mwenyewe, na yeyote mwenye mashine mbili na waya aliweza kuzirudufu na kuuza rahisi bila kumlipa mtu. Picha ambazo matajiri hawakuona haja ya kuziokoa ndizo zilizosafiri mbali kuliko zote.

Hii inanisaidia na mimi pia. D.O.A. naweza kumpa mtu nakala bila kuangalia nyuma. The Wilby Conspiracy inabaki kabatini kwangu.

30 Machi

Kwenye rundo la Kihindi nililokuwa nimelitenga nimekuta Ittefaq, 1969, ya Yash Chopra. Usiku mmoja, nyumba moja, Rajesh Khanna ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, Nanda yuko peke yake ndani. Hakuna wimbo hata mmoja. Kasha lina maandishi ya kalamu ya mteja fulani: "HAINA NYIMBO MSIDANGANYIKE". Imeingia kwenye mradi, na kasha lake limeingia pia.

5 Aprili

Kanda namba 41. Haina jina la picha, ina kipande cha plasta nyeupe kimeandikwa JICHO – USIFUTE.

Kwenye deki ya kuonjea inaanza na uwanja wa nyumba. Mvua nyepesi, kuku watatu, Land Rover imesimama, mtoto anapita na ndoo, mtu asiyeonekana anakohoa. Mtu alikuwa anajaribu kamera. Dakika saba na nusu hivi. Kisha mkwaruzo, na ghafla uko ndani ya gari usiku, nyeusi na nyeupe, wanaume wawili mbele, wa tatu kiti cha nyuma na bastola.

Na juu yake sauti ya mtafsiri.

Kwa sheria yangu ya pili, kanda hii ilipaswa kuvuliwa skrubu zake tano leo leo. Nimeiacha iende nikinywa chai. Mtafsiri si Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa picha, wala yeyote wa zile kanda zilizokuwa zinatoka Dar es Salaam. Huyu ni wa hapa hapa. Jambazi amempa jina Jicho. Wa kuendesha anamwita Fundi, wa pembeni anamwita Mwalimu. Wako jangwani, na yeye anatangaza kwa sauti ya kondakta: "Hapo wameshaipita Chimala, vumbi la Usangu hilo, wanaitafuta Igawa na mafuta yanakwisha." Wanasimama kwenye duka la kijiji, mwenye duka anasema jambo kwa Kihispania, na mtafsiri, bila hata kuvuta pumzi, anatoa salamu ya Kinyakyusa: "Mwaghonile!" Nimemwaga chai.

Kisha usiku, moto umewashwa, jambazi anawaeleza kwamba jicho lake moja lina hitilafu, halifungi. Akilala liko wazi. Kwa hiyo hamtajua kama nimelala au nawatazama. Hapo mtafsiri ananyamaza. Sekunde kumi nzima, mtu ambaye hajafunga mdomo tangu mwanzo. Halafu polepole: "Jicho halilali, ndugu zangu. Jicho halilali."

Sijagusa bisibisi.

6 Aprili

Ni picha gani? Jina liko chini ya kuku watatu.

Usiku nimekumbuka: Fundi namjua. Ni yule yule mhasibu wa sumu wa D.O.A., Edmond O'Brien. Uso mpana, jasho, anahema kama aliyepanda mlima Loleza kwa miguu. Nikaorodhesha picha zake za miaka hiyo, na moja ndiyo yenye abiria wa kuomba lifti: The Hitch-Hiker, 1953. Inadumu dakika 71.

Nikaihakiki kwa saa. Sinema inapigwa kwa picha 24 kwa sekunde, PAL inakwenda na 25, kwa hiyo wakati wa kuihamisha wanaikimbiza kidogo: picha ya dakika 100 inakuwa 96, na kila mtu anaongea kwa sauti nyembamba kidogo bila wewe kujua. Kwenye kanda yangu, kutoka mkwaruzo hadi mwisho ni dakika 61. Ukiirudishia mwendo wake wa asili ni 63 na nusu. Toa kwenye 71, zinabaki saba na nusu. Kuku wamekalia hasa mwanzo wote.

Aliyeiongoza ni mwanamke, Ida Lupino, mzaliwa wa London, mwigizaji aliyechoka kungoja kazi akaanzisha kampuni yake na mumewe. Mwaka 1953, Hollywood, picha ya wanaume watatu ndani ya gari. Jambazi ni William Talman, na kisa kimetokana na muuaji wa kweli, Billy Cook, aliyeua watu sita na ambaye naye alikuwa na jicho lisilofunga vizuri. Aliyeshika kamera ni Nicholas Musuraca. Jangwa lenyewe ni miamba ya Alabama Hills, California, na kwa mtu anayeijua barabara ya Usangu wakati wa kiangazi, mtafsiri wetu hakukosea sana.

Mpwa amenipatia nakala safi kwenye intaneti, bure kabisa, maana nayo haina mwenyewe. Ni kali kama kioo. Nimeitazama mara moja. Nimerudi kwenye kanda 41 mara tatu.

19 Aprili

Umeme umekatika tangu asubuhi, umerudi saa mbili usiku. Nimeihamishia kanda 41 kwenye deki ya Iringa ili niinase rasmi, nikabonyeza, na mtafsiri hayupo. O'Brien anaongea Kiingereza chake, injini inanguruma, muziki upo, kila kitu safi. Nimedhani nimefuta kitu. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi.

Baadaye ndipo akili ikarudi. Kanda ya VHS ina njia mbili za sauti. Ya kwanza ni mstari mwembamba ukingoni mwa mkanda, unaoandikwa na hedi iliyosimama, na kila deki inausoma. Ya pili, kwa deki za hi-fi zilizokuja miaka ya 1980, inaandikwa na hedi zinazozunguka kwenye ngoma, chini ya picha yenyewe. Ukipachika sauti baadaye, unabadilisha mstari wa ukingoni tu. Ile ya chini huwezi kuifuta bila kuifuta na picha. Deki yangu ya kijivu ni mono, ilikuwa ikisikia ukingo peke yake. Ya Iringa inapenda ya chini. Kuna swichi, nimeigeuza, mtafsiri amerejea: "Wanaitafuta Igawa!"

Nimenasa mara mbili, kila sauti na faili yake, gigabaiti 13 kwa saa. Hadi diski inalia.

Sheria ya pili nimeifuta kwa kalamu nyekundu. Kati ya kanda nilizotenga kuwa spea, 23 zina watafsiri, na tatu nilikuwa nimeshazivua maganda. Mikanda yake ipo, imeviringwa kwenye mfuko wa rambo. Nimetumia Jumamosi nzima kuirudisha ndani.

3 Mei

Jirani yetu mzee, dereva wa malori mstaafu, alisikia kuna picha ya malori. Nimemwekea The Wages of Fear ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, 1953. Si picha isiyojulikana, ila kwa mtaa wetu ni mpya. Wanaume wanne, malori mawili, mzigo ni nitrogliserini ya kuzimia kisima cha mafuta kinachowaka, na barabara mbovu.

Amekaa kimya muda mrefu. Kuna mahali barabara ina mikunjo kama bati, na madereva wanajua ni ama uende pole mno au ukimbie kabisa ili magurudumu yapite juu juu. Mzee akapiga goti: "Huyo anasema kweli! Ukienda katikati inakuvunja." Yeye alianza kama utingo mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati Rhodesia imeikatia Zambia mafuta na Zambia inategemea barabara hii hii yetu, ikiwa bado udongo, mapipa ya mafuta yakipanda na shaba ikishuka. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Lami na reli ya TAZARA vilikuwa bado. Ameniambia kuhusu mteremko mmoja ambao walikuwa wakiufika, utingo anashuka na gogo na kutembea nyuma ya gurudumu hadi chini.

"Huyu aliyeitengeneza aliwahi kuendesha?"

Nikasema sidhani, mzee.

"Basi alikuwa na utingo mzuri wa kumsimulia."

Picha iliyobaki ameitazama amesimama.

25 Mei

Nimempata. Yule mama wa Tukuyu alinitajia mtu aliyekuwa akitafsiria maktaba, anauza mbegu za viazi Uyole na ni mzee wa kanisa. Hataki jina lake liandikwe, na sitaliandika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Viazi au?"

"Jicho."

Akanitazama. Akaweka kipimo chini. "Mwenye kanda aliniambia imefutwa."

Nimemchezea dakika tano kwenye simu. Hakutabasamu wala nini, alikuwa akisikiliza kama anayekagua noti. Aliposikia "Mwaghonile" akasema: "Pale nilikosea. Usangu wasingeitikia hivyo." Alikuwa akiitazama picha mara mbili bila kusema, mara ya tatu anabonyeza kitufe cha kupachika sauti na kwenda nayo hadi mwisho bila kusimama. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba. Nikamuuliza alijuaje yanayosemwa. "Sikujua yote. Nilikuwa naangalia nani anamwogopa nani."

Mwishoni mwa picha jambazi anafika bandarini, Santa Rosalía, Mexico, anataka feri ya kuvuka ghuba, anakuta imeungua. Kwenye kanda yetu ghuba imekuwa Ziwa Nyasa: "meli ya Itungi imeungua, Jicho hana pa kwenda, Malawi anaiona kwa macho tu." Nimemwambia pale ndipo nilipoacha kuitaka nakala safi. Akasema Itungi ilikuja yenyewe, hakuipanga, palikuwa na maji na palikuwa na foleni.

Ametaja pia kwamba anamdai marehemu mwenye maktaba malipo ya picha mbili. Anakumbuka ni kiasi gani.

14 Juni

Amekuja mwenyewe, amevaa koti, baridi ya Juni. Nilikuwa nimemwomba jambo moja: zile dakika saba na nusu zilizokaliwa na kuku, nichukue picha kutoka nakala safi, yeye aseme juu yake kama zamani.

Nimemtazamisha mara mbili, kimya, kama kawaida yake. Kwenye mwanzo huo Lupino haonyeshi uso wa muuaji anapoua: miguu, kivuli, mkoba wa mwanamke umeanguka, magazeti. "Amemficha," akasema. "Na mimi nilimficha. Sikumtaja Jicho mpaka alipokaa nyuma."

Mara ya tatu, maikrofoni. Jogoo wa jirani amewika dakika ya pili, mvua ya rasharasha imegonga bati dakika ya nne. Nilinyoosha mkono kusimamisha, akanipiga kibao cha mkono. Yeye anarekodi mara moja.

Kasi imepungua. Alipokuwa kijana alikuwa akitangulia picha, sasa picha inamtangulia yeye. Dakika saba na nusu zimekwisha akiwa bado na maneno, kwa hiyo amevuka mpaka na kuingia kwenye kanda ya zamani, bastola imeshatoka. Kwa kama nusu dakika wanaongea wote wawili, mzee na kijana, mmoja anasema "usimpakie mtu usiyemjua" na mwingine "endesha, Fundi, usigeuke." Mpwa anasema ningepunguza sauti ya mmoja. Nimesikiliza kila namna. Nimeacha.

29 Juni

Hali ilivyo. Zilizonaswa: 38, kati yake 11 zina mtafsiri. Zilizooshwa zinasubiri: 20. Zilizoshindikana: tatu, mkanda umegandana, ukivuta unabaki na utepe wa plastiki mweupe na picha yote iko kwenye kidole.

Kanda 41 ina faili tatu. Ya kwanza ni kama ilivyo, na kuku wake. Ya pili ina sauti ya Kiingereza. Ya tatu ndiyo yenye mwanzo mpya, na mzee amepewa yake kwenye flashi. Amerudi jana kuuliza kama nimekuta zile mbili za deni. Moja anasema ilikuwa na mtu aliyefungiwa ndani ya lifti, nyingine hakumbuki ila ilikuwa na plasta nyekundu.

Plasta nyekundu ni kanda namba 88. Ina kuvu hadi kwenye gurudumu la pili. Iko boksini na vipakiti vipya tangu jana jioni, na nimemwambia asubiri kiangazi kikolee.